Uwanja Usiotimua Vumbi

Kabla ya habari za zege na rangi ya buluu, mgeni akifika Kigoma na kuuliza uwanja wa tenisi uko wapi, hakuna aliyemtajia jina la klabu. Jina lilikuwepo, limeandikwa kwenye kibao pale getini, lakini watu walisema tu, "Panda mlima, utafika kwa Sefu." Sefu mwenyewe, mtu wa Ujiji mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na baiskeli isiyo na breki, alilisikia hilo miaka ishirini na mbili na halikumchosha hata siku moja. Nyumba yake ilikuwa ya kupanga, shamba la michikichi aligawana na ndugu watano, lakini uwanja ulikuwa wake peke yake.

Ulikuwa uwanja wa udongo wa kichuguu. Sefu alivichagua vichuguu mwenyewe, akavibomoa, akauchekecha ule udongo mwekundu, akaumwaga, akaulowesha na kuukandamiza kwa rola ya chuma mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Viwanja vya namna hiyo vipo mikoani, si jambo la ajabu. Ajabu ya Sefu ilikuwa vumbi. Julai na Agosti, barabara ya Ujiji ikiwa imegeuka unga na dagaa wa ufukwe wa Katonga wakianikwa juu ya nyavu ili wasishike mchanga, uwanja wa Sefu ulikuwa na unyevunyevu wake, mpira unadunda, hakuna anayekohoa. Timu zikija kutoka Tabora, wachezaji waliinama na kuugusa kwa vidole.

"Mzee, siri yako nini?"

"Bismillahi na fagio," Sefu alijibu, na watu walicheka, na yeye alicheka zaidi yao kwa sababu alijua hawatajua.

Siri yenyewe ilikuwa chumvi. Chumvi ya Uvinza, ile ya kijivu isiyosafishwa. Ujanani alipomtembelea shemeji yake kule Uvinza aliona kwamba pale magunia yalipowekwa ardhi haikauki, hata jua likiwaka vipi. Wengine waliona hivyo hivyo wakapita zao. Sefu alirudi nyumbani na gunia. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi, aliipima kwa bakuli la bati lililobanduka ukingoni, akaikoroga kwenye ndoo ya maji na kuunyunyizia uwanja wote. Mtu mmoja tu duniani aliyepata kumsaidia ni binti yake Asia, alipokuwa na miaka minane, naye aliapishwa asiseme hata kwa mama yake. Asia alikulia juu ya udongo ule. Hapo ndipo baba yake alipomfundisha kushika raketi, na sasa, akiwa na miaka ishirini, hapakuwa na mtumishi wa serikali mjini aliyeweza kumfunga.

Sasa nisimpake Sefu mafuta. Alikuwa mtu mwema, anasalimia, anazika, anatembelea wagonjwa. Ila alikuwa na kijicho. Mwingine akisifiwa mbele yake kwa jambo lolote, hata kwa kupika pilau, Sefu alikohoa na kutafuta dosari. Mkewe Mwanamvua alizoea kumwambia, "Wewe hata maiti akisifiwa msibani unanuna." Miaka ile yote hakuna aliyemgusa pale penye uchungu wenyewe, kwa hiyo kijicho chake hakikuwa kimeleta madhara makubwa.

Kisha Bwana Crispin, afisa aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa na kuchaguliwa mwenyekiti wa klabu, akaona viwanja vya buluu kwenye televisheni.

Kamati ikakaa. Mashindano ya watumishi wa mikoa ya magharibi yangefanyika Kigoma mwezi wa Desemba, na mwenyekiti hakutaka wageni warudi kwao na soksi nyekundu. Uwanja utawekwa zege, zege litapakwa rangi. Sefu aliambiwa baada ya uamuzi, tena akiwa ameshika fagio, kwamba yeye abaki na ufunguo wa geti na awe mwangalizi. Mwangalizi wa nini, hakuna aliyesema.

Fundi alifika mwezi wa Juni kwa treni, na alikuwa mwanamke. Aikande, mtu wa Moshi, hajafika miaka arobaini, mfupi, mwenye buti zilizopasuka na pima maji ndefu kuliko yeye. Miaka minane alifanya viwanja chini ya mkandarasi mwingine; huu ulikuwa wa kwanza kuutengeneza kwa jina lake mwenyewe. Alimfuata Sefu kwanza, kabla ya mwenyekiti.

"Shikamoo, Mzee Sefu. Nimesikia habari zako tangu Tabora."

"Marahaba," alisema Sefu, akangoja aambiwe amesikia nini. Aikande alikuwa ameshapiga magoti anauchokonoa udongo kwa bisibisi.

Alichimba kashimo karibu na nguzo ya wavu, akachukua bonge, akalivunja, akalinusa.

"Mzee, udongo huu sijauona mahali. Umekaza, halafu kavu hauko. Uliuchanganya na nini?"

Ningependa kukuambia kwamba Sefu alisita. Hakusita. Alimwona mtu aliyekuja kuifukia kazi yake anataka na siri yake juu, na roho yake ikajifunga ndi.

"Na maji."

"Maji matupu?" Aikande alifuta mikono kwenye suruali. "Nakuuliza kwa sababu ya nailoni, Mzee. Udongo ukiwa na chumvi, au mbolea, au kitu chochote kinachotembea na unyevu, lazima nitandike nailoni nzito chini ya zege. Bila nailoni kitapanda juu na rangi itavimba yote. Kigoma hakuna ya unene ule, ni kuagiza Dar na kungoja. Mwenyekiti ananisukuma. Udongo ukiwa safi, naweza kumwaga jamvi la zege moja kwa moja juu yake, maana umeshindiliwa vizuri kuliko ambavyo mimi ningeushindilia."

Hapo alikuwa amemsifu, tena sifa ya fundi kwa fundi, lakini Sefu alikuwa amekwishaziba masikio.

"Kichuguu na maji," alisema. "Na Bismillahi."

Aikande alicheka, akatoa daftari mfukoni, akaandika: *Udongo safi – Mzee Sefu.* Sefu aliliona jina lake pale kwenye karatasi, akarudi kwenye fagio lake.

Jioni ile, Asia akiwa anapakua samaki wa mgebuka, alimwuliza baba yake kwa sauti ya chini, "Baba, umemwambia fundi habari ya chumvi?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema si kitu. Kula."

Kazi ikaanza. Vibarua wakaletwa, na msimamizi wao Anatoli, Muha wa Mwamgongo mwenye kifua cha kuvuta nyavu, aliyeitikia "Ego", ndiyo ya kwao, kwa kila alichoambiwa na Aikande kana kwamba ameagizwa na askofu. Mbao za pembeni zikapigiliwa, kamba zikavutwa, kokoto zikapanda mlima kwa trekta. Sefu alikaa kwenye ngazi ya jengo la klabu na ufunguo wake mfukoni akitafuta dosari, na dosari hazikupatikana. Mwanamke yule alikuwa anajua. Alipomwaga jamvi alilimwaga kwa vipande, akaacha nafasi za kutanuka, akalifunika magunia na kulinywesha maji asubuhi na jioni kwa wiki nne. Sefu aliyaona hayo na akaumia.

Kilichomuumiza kupita vyote ni Asia. Siku ya kwanza alikuja kutazama. Ya pili alishika ncha ya kamba. Ya tatu alikuwa amevaa buti za kuazima. Nyumbani ikawa dada Aikande kasema hivi, dada Aikande kafanya vile, dada Aikande amesema mwenye hesabu nzuri kama yangu anaweza kusomea ufundi wa majengo. Sefu alimfundisha mtoto huyu kila kitu alichokijua isipokuwa kumpenda mtu mwingine kuliko yeye, na hilo akalijifunza ndani ya siku tatu.

"Fagio langu hukuwahi kuliomba," alimwambia siku moja.

Asia alimtazama akidhani anatania. "Fagio nimelishika tangu nina miaka sita, Baba. Lilikuwa linanizidi urefu."

"Una wivu, mume wangu," alisema Mwanamvua kutoka jikoni, bila kuulizwa.

"Wivu na nani? Na yule mwenye viatu vimepasuka?"

Basi ikafika siku ya kupima maji. Zege limekauka, rangi haijapakwa. Aikande aliufurisha uwanja wote kwa mpira wa maji, akaliacha jua lifanye kazi yake saa nzima, kisha akatembea taratibu na sarafu mkononi. Akikuta dimbwi, anaiweka sarafu ndani yake. Maji yakiifunika, pale ni shimo na lazima pazibwe. Hii Sefu aliielewa kuliko wote. Miaka ishirini na mbili alivijua vidimbwi vya uwanja wake kwa majina, na sasa alisimama kwenye uzio akiomba, naam, akiomba kwa Mungu, sarafu izame. Izame mara kumi, izame mbele ya Crispin.

Ilizama mara moja, pembeni, karibu na kiti cha mwamuzi. Aikande akapachora duara kwa chaki, akampa Asia mwiko na lipu laini, akasema, "Ziba wewe." Asia akaziba. Vibarua wakapiga makofi. Sefu aliondoka akaenda kusimama nyuma ya jengo, ambako kutoka juu lilionekana ziwa lote mpaka milima ya Kongo, na hakuona chochote.

Rangi ikaja mwishoni mwa Agosti. Waliikokota kwa ubao wenye mpira, tabaka juu ya tabaka, buluu ndani na kijani nje, kisha mistari myeupe iliyonyooka kiasi cha kuudhi. Watu walipanda mlima kupiga picha. Bwana harusi mmoja aliomba kupigwa picha pale na suti yake. Aikande alilipwa, akaagana na kila mtu, akamwachia Asia pima maji ndogo ya mfukoni, akapanda treni. Kijana wa bodaboda aliyeleta mgeni wiki ile aliulizwa anakwenda wapi. "Kule kwa Buluu," akajibu.

Kwa Buluu. Sefu alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli yake na alilisikia vizuri. Tangu siku hiyo aliingoja mvua, kama mkulima.

Mvua zikaanza Oktoba. Wiki mbili hapakuwa na kitu. Sefu alifagia maji kila asubuhi akiinama na kutazama, na mara nyingine alijidanganya kwamba anaomba pasitokee jambo. Wiki ya tatu aliliona la kwanza: lengelenge dogo la buluu karibu na wavu, ukubwa wa kifungo cha shati. Alilikanyaga. Likapasuka na kuacha unga mweupe chini ya kandambili yake. Moyo ukamdunda kwa furaha, na furaha ile ilimtia hofu kidogo, lakini ilikuwa furaha. Kufikia Novemba uwanja wote ulikuwa umevimba na kubanduka, umetoka upele mweupe kutoka mstari hadi mstari.

Crispin alipiga simu Moshi kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kisha akaja kukaa kwenye ngazi kando ya Sefu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

"Mzee, tumekukosea," alisema. "Tulikuwa na uwanja tukauua. Huyu akija, nitamwambia mbele ya kamati, na nitawaandikia wote walionipa jina lake wasimpe kazi tena. Halafu tutaling'oa zege lote na wewe utaturudishia udongo wako. Utakubali?"

Hayo ndiyo maneno aliyoyaota tangu Juni, neno kwa neno. Sefu alikubali kwa kichwa. Chakula cha mchana alikirudisha jikoni siku hiyo, akasema ni joto.

Aikande alifika Jumamosi asubuhi. Kamati ilikuwa imesimama kwenye mstari wa nyuma, wanaume watano na miavuli, Anatoli pembeni na kofia mkononi, Asia kando ya nguzo ya wavu. Aikande hakumsalimia mtu. Alipiga magoti, akabandua gamba la rangi, akauchota ule unga kwa kidole, akauweka kwenye ulimi.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi!" alisema Crispin. "Ziwa letu ni maji baridi, mama. Mchanga wa hapa hauna chumvi. Kwa hiyo mchanga uliutoa wapi? Uliokota wa bei rahisi huko njia ya Uvinza?"

"Mchanga ulitoka Ilagala," alisema Anatoli. "Niliupakia mimi."

"Sijakuuliza wewe."

Aikande alibaki amepiga magoti. Daftari lilikuwa mkononi mwake, lile lile, limekunjika pembe. Sefu alilitambua. Aliujua ukurasa, aliujua na mstari ulioandikwa juu yake, na akajiandaa. Alikuwa na jibu lake tayari: mzee hajasoma, hajui mambo ya nailoni, aliulizwa kwa haraka. Alingoja daftari lifunguliwe.

Halikufunguliwa. Aikande alimtazama Sefu mara moja, si kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Kosa ni langu. Fundi hapokei neno la mtu kuhusu ardhi bila kuipima mwenyewe. Nilipaswa kutandika nailoni."

Asia alikuwa ameanza kumtazama baba yake tangu lilipotajwa neno chumvi. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, polepole anaelewa, na Sefu aliona yale maneno *Nimemwambia, amesema si kitu* yakipita usoni mwa binti yake moja baada ya jingine. Hapo ndipo alipojua anachokipoteza. Si uwanja. Uwanja alikuwa amerudishiwa tayari.

"Ni yangu," alisema.

Crispin aligeuka. "Nini yako?"

"Chumvi. Ya Uvinza. Nimeimwaga kwenye udongo huu miaka ishirini na mbili, ndiyo maana hautimui vumbi. Aliniuliza. Alinitajia na chumvi yenyewe kwa jina, akaniambia na kitakachotokea, na mimi nikasema maji matupu."

"Kwa nini?"

Sefu alivua kofia yake akaishika. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. "Kwa kijicho," alisema. "Nilitaka aharibikiwe."

Miaka yote ile watu walimbembeleza awape siri yake. Siku aliyoitoa, hapana aliyesema hata "kumbe!" Mjumbe mmoja wa kamati alitema mate pembeni. Crispin alinyoosha mkono, kiganja juu, na Sefu ilimchukua muda kuelewa kinachotakiwa. Alitoa ufunguo wa geti mfukoni na kuuweka pale. Mwenyekiti akampa Anatoli, naye Anatoli akaupokea kwa mikono miwili, akiona haya kumtazama mzee usoni.

Aikande ndipo alipofungua daftari. Alitafuta ukurasa wake, akapiga mstari juu ya maneno ya zamani, akachomoa kalamu.

"Haya, Mzee. Nipe vipimo," alisema. "Chumvi kiasi gani, kwa maji kiasi gani. Nikijua hicho nitajua nichimbe kina gani kabla ya kutandika nailoni."

Hakuwa na hasira, na wala hakuwa na huruma. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Maisha yake yote Sefu alikuwa amengoja mtu amwulize hivyo, si kwa mzaha wala kwa kumpigapiga begani, bali kwa kalamu mkononi. Na angeulizwa hivyo hivyo Juni, kama angefungua mdomo. Aliufungua sasa. Alichelewa.

"Bakuli mbili kwa ndoo," alisema Asia. "Bakuli la bati, lile lililobanduka. Kila Jumamosi, uwanja mzima."

Aikande akaandika. Na hata pale, Mungu amsamehe, amesimama kichwa wazi mbele ya watu na aibu imemfika shingoni, Sefu aliona gere. Alimwonea gere binti yake kwa kulisema, na yule mwanamke kwa kuliandika.

"Mbili na nusu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kiangazi ni mbili na nusu."

Asia hakugeuka. Aikande aliikata mbili, akaandika mbili na nusu, kisha akampa Asia daftari alishike, wakaenda pamoja kutafuta nyundo ya kuvunjia zege.